Nok sensa kwenye Subaru ya tabo iliyotyuniwa: kuipanga isikie kugonga, sio makelele

Swali: "Nina Impreza STI ya 2004 iliyotoka Japani, injini EJ207, pistoni za fojidi (za kufuliwa) na tabo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Nimefunga ECU (kompyuta ya injini) ya kujitegemea, busti, yaani mgandamizo wa tabo, ni bar 1.2 kwenye geji. Gari ilityuniwa Nairobi na huwa nateremka nayo Mombasa. Kwenye ukurasa wa nok, grafu inaanza kupanda kuanzia rpm 5,000 na taa ya onyo inawaka kila nikikanyaga hadi mwisho. Kizingiti kimewekwa asilimia 50, mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Fundi anasema nizime kitu hicho kwa sababu kinasikia makelele tu. Nizime? Na kama sizimi, nianzie wapi?"

Jibu:

Usizime, ila usiiruhusu iguse taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, bado. Kwa sasa iache irekodi na kuwasha taa, basi. Fundi wako yuko sahihi nusu: kizingiti kilichonyooka asilimia 50 kwenye EJ207 yenye pistoni za fojidi lazima kipige kelele juu ya rpm 5,000, hata injini ikiwa nzima kabisa. Lakini huwezi kujua kama ndani ya hayo makelele hakuna kugonga kwa kweli mpaka umeifundisha ECU injini yako inasikikaje ikiwa salama. Hiyo ndiyo kazi yote. Sensa haijui nok ni nini. Inajua mtikisiko tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana gereji zetu zinalibebesha mizigo miwili. "Injini inagonga" mara nyingi ni beringi ya konrodi iliyolika: mdundo mzito, wa chini, unaofuata rpm hata gari likiwa limesimama bila mzigo. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, wala hakuna mpangilio wa ECU utakaoitibu. Kugonga tunakozungumzia hapa, yaani nok, ni kwa moto. Plagi imekwisha kuwasha, mwali unasambaa, na mchanganyiko uliobaki pembeni mwa chumba unabanwa na kupata joto hadi unalipuka wenyewe kwa mkupuo kabla mwali haujaufikia. Wimbi la mgandamizo linaanza kugonga ukuta huu na ule wa silinda, na silinda inalia kama kengele.

Mlio wa kengele hiyo unategemea upana wa silinda, kama sufuria ndogo inavyolia kwa sauti nyembamba kuliko kubwa. Hesabu ya haraka inayotumika: gawanya 900 kwa (3.14 × nusu ya kipenyo kwa milimita), unapata kilohezi. EJ20, familia ya EJ207 yako, ina silinda ya mm 92, nusu yake 46, kwa hiyo 900 ÷ 144.4 = kHz 6.2. EJ25 yenye mm 99.5 inashuka hadi 5.8, 1JZ na 2JZ za Toyota, za mm 86, ziko 6.7. Huo ni mlio wa kwanza. Wimbi hilohilo huwa na milio mingine ya juu yake, na kwa EJ20 inaangukia karibu kHz 10.3 na kHz 13. Ikumbuke, kwa sababu pengine ndiyo itakayokuokoa pale kHz 6.2 ikiwa imejaa kelele za vyuma.

Sasa sensa yenyewe. Ile ya kiwandani imekaa juu ya bloki, chini ya manifoldi ya hewa, na mahali pale pamechaguliwa vizuri. Kama ECU yako inakubali ishara yake, unaweza kuanza nayo. Ila sensa ya miaka 20 iliyopikwa na joto la tabo huwa na plastiki iliyopasuka, na wengi hubadilisha kwa sensa ya Bosch ya duara yenye tundu katikati, ambayo husikia masafa mapana, takriban kHz 3 hadi 20 na zaidi, badala ya kuvutiwa na mlio mmoja tu. Kwa tyuni ya kujitegemea hiyo ndiyo ninayoipendekeza. Kuna bandia nyingi sokoni. Pima kwa mita ikiwa haijaunganishwa: ukinzani uzidi megaomu 1, na kwenye kipimo cha kapasitansi uone karibu nanofaradi 1. Kisha iweke mita kwenye volti za AC, gonga bloki kwa upande wa mpini wa bisibisi karibu na sensa. Namba lazima iruke.

Jinsi ya kuifunga ndipo wengi wanapoharibu. Sensa hii inasikia kupitia ule mduara wa chuma unaogusa bloki, kwa hiyo hakuna washa ya bolti, hakuna silikoni, hakuna rangi, hakuna kutu katikati. Sugua sehemu hiyo hadi iwe tambarare na ing'ae. Bolti ya M8 ya daraja 8.8, kaza kwa spana ya toki Nm 20. Ukikaza kwa makadirio ya mkono, mara nyingi unafika 35 au 40, na kauri iliyomo ndani inapasuka kimyakimya: sensa inaendelea kutoa ishara, lakini hafifu na ya ajabu. Ukiilegeza, inatetemeka na kutengeneza kelele yake yenyewe. Usiifunge kwenye kipande cha bati ulichotengeneza ili ifike mahali rahisi. Bati lina mlio wake, na hiyo ndiyo sauti utakayokuwa unaityuni. Wala usiipeleke kwenye silinda hedi, karibu na vali zinazofunga.

Waya: nyuzi mbili zilizosokotwa ndani ya kinga, kinga ifungwe ardhini upande wa ECU pekee. Ukiifunga pande zote mbili inageuka kuwa antena. Usiipitishe pamoja na waya za koili au injekta. Hili si pambo, na hesabu yake nitaileta tukifika kwenye dirisha.

Kabla ya kugusa ukurasa wa nok, hakikisha kwa taa ya taimingi kwamba digrii ambazo ECU inadhani ndizo digrii zilizopo kwenye puli ya kranki. Funga taimingi kwenye digrii 10 au 15 kwenye programu, elekeza taa, alama zikubaliane, kisha pandisha hadi rpm 4,000 uone kama alama inahama. Ikihama digrii 3 kwenda juu, dirisha lako la kusikilizia nalo linahama, na kila utakachopanga baada ya hapo kimejengwa kwenye mchanga.

Dirisha ni kipande cha mzunguko ambacho ECU inaruhusiwa kusikiliza. Nok huja baada ya pistoni kupita juu kabisa, si kabla, kwa hiyo hakuna sababu ya kusikiliza mzunguko mzima. Watu wengi huanzia digrii 10 baada ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) na kumaliza kwenye 60. Mimi ningeanza na 10 hadi 45 kwenye EJ, na sababu iko kwenye mpangilio wa uwakaji, 1-3-2-4. Silinda namba 1 inapowaka, namba 2 iko mwisho wa kutoa moshi, na vali zake za moshi zinatua kwenye viti vyao digrii chache tu baada ya TDC hiyohiyo. Wakati huohuo namba 3, inayofuata kuwaka, inaanza kubana, na vali zake za kuingiza hewa zinafunga takriban digrii 40 hadi 60 baada ya pistoni yake kufika chini, ambayo ni sawa na digrii 40 hadi 60 baada ya TDC ya namba 1. Yaani mwisho wa dirisha pana umeegemea kabisa kishindo cha vali za jirani. Na EJ207 ina AVCS: kemshafti ya hewa inaposogezwa mbele, vali hizo zinafunga mapema zaidi, na kishindo kinaingia katikati ya dirisha. Ukiona kwenye logi (rekodi ya ECU) uvimbe wa kelele unaotokea pale tu AVCS inapofanya kazi na kutoweka inaporudi sifuri, umeshajua ni nani.

Sasa ile hesabu ya waya. Kwenye rpm 7,000 kranki inapita digrii 42 kila milisekunde. Kama koili inachajiwa milisekunde 3, hiyo ni digrii 126. Cheche ya silinda inayofuata, ikiwa taimingi ni digrii 20, inatoka digrii 160 baada ya TDC ya silinda unayoisikiliza. Toa 126 kwenye 160: koili inaanza kuvuta mkondo digrii 34 baada ya TDC, katikati kabisa ya dirisha lako. Kwenye rpm 6,000 ilikuwa 52, nje ya dirisha la 45. Waya wa sensa ukiwa umelala juu ya waya za koili, utaona "nok" inayoanza ghafla kwenye rpm 6,500 kwa silinda zote nne sawasawa, na utarudisha taimingi hadi uchoke bila kitu kubadilika.

Usibane dirisha kupita kiasi pia. Digrii 35 kwenye rpm 6,000 ni karibu milisekunde 1, na mlio wa kHz 6.2 unapata kutikisika mara 6 tu ndani yake. Chini ya hapo chujio, linalochagua mlio wa kusikiliza, halipati cha kushika.

Kuhusu chujio: baadhi ya ECU hutumia chipu kama TPIC8101, yenye masafa unayoyachagua kwa hatua kati ya kHz 1.22 na 19.98, nyingine hufanya kazi hiyo kwa programu. Vyovyote vile, usiandike 6.2 na kuondoka. Hesabu inakupa mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe. Njia ya uhakika ni kurekodi sauti. Funga sensa ya pili mahali pengine imara kwenye bloki kwa ajili ya kusikiliza tu (ukigawa waya wa ile inayoenda kwenye ECU unadhoofisha ishara zote mbili), ipitishe kwenye amplifaya ndogo, uisikilize kwa hedifoni na uirekodi kwenye laptopu. Uingizaji wa sauti wa kawaida wa kHz 44.1 au 48 unatosha kabisa kwa milio hii. Angalia tu kiwango: sensa inaweza kutoa volti nyingi kuliko tundu la maikrofoni linavyovumilia, kwa hiyo punguza kabla ya kuingiza. Kisha fungua rekodi kwenye programu ya Audacity na uiangalie kwa mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya milio kadiri muda unavyokwenda.

Hapo ndipo mambo yanapoonekana kwa macho. Mlio wa gia au wa beringi ya altaneta unapanda kadiri rpm inavyopanda, kwa hiyo unachora mstari wa mshazari. Vali na injekta zinachora milia ya wima myembamba inayokata masafa yote. Kelele ya umeme huwa safi mno, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Nok inaonekana kama madoa mafupi yaliyokaa kwenye kimo kilekile, kati ya kHz 6 na 6.6 kwa EJ20, rpm ipande au ishuke, kwa sababu upana wa silinda haubadiliki. Mara nyingi doa lina vivuli vyake juu, karibu na 10 na 13. Linganisha vimo hivyo vitatu: chagua pale ambapo tofauti kati ya doa na kelele ya nyuma ni kubwa zaidi, hata kama doa lenyewe si kubwa kuliko yote. Kwenye injini yenye pistoni za fojidi na mauntini (vishikio vya injini) ngumu, si ajabu jibu likawa 12.5 au 13 badala ya 6.2.

Kwa masikio, sauti ya injini ya kawaida kwenye hedifoni ni mngurumo mnene kama kinu cha kusaga mahindi. Nok nyepesi ni punje kavu moja ikidondoka kwenye bati juu ya mngurumo huo: tak. Tak-tak. Nok nzito ni kokoto zikimwagwa. Asiye na fedha ya vifaa anaweza kutumia bomba la shaba la mm 8 lililopondwa ncha na kutobolewa, likafungwa kwa bolti kwenye bloki, na mpira wa kupitisha sauti hadi kwenye vikombe vya kuzuia kelele. Ni kifaa cha zamani na bado kinafanya kazi vizuri hadi karibu rpm 5,500. Baada ya hapo mngurumo unameza punje.

Ukishapata masafa, panga ukuzaji wa ishara. Vuta gari, yaani kanyaga hadi mwisho, mpaka ukomo wa rpm kwenye taimingi ya chini, angalia kelele ya kawaida inafika wapi. Lenga asilimia 50 hadi 60 ya uwezo wa ECU kwenye rpm ya juu kabisa. Ukikuza mpaka kelele ya kawaida inafika 95, nok ikija haina pa kupanda. Grafu inakatika juu na kila kitu kinafanana. ECU nyingi zinaruhusu ukuzaji tofauti kwa kila silinda, na kwenye bokseri, injini ya silinda zilizolala kama hii, utauhitaji, kwa kuwa sensa moja haiko umbali sawa na silinda zote. Panga hadi silinda nne zisome karibu sawa katika hali salama. Silinda iliyo dhaifu isipokuzwa, itagonga bila kusikika, na kwenye EJ hutaki silinda namba 4 ndiyo iwe kiziwi. Inajulikana kwa kupata joto kuliko wenzake.

Kisha kelele ya msingi. Hapa usiwe na haraka. Punguza taimingi digrii 4 hadi 5 chini ya ile iliyopo, weka petroli bora unayoweza kuipata, busti ya springi ya westigeti (vali inayoweka kikomo cha busti) tu, maji yakiwa yamefika nyuzi 80. Pistoni za fojidi zikiwa baridi zina nafasi kubwa kwenye silinda na zinapigapiga; ukirekodi hapo utapata msingi wa uongo. Kwenye mashine ya dayno, ya kupimia nguvu za gari, shikilia rpm 2,000 mzigo wa kati sekunde 10, kisha 2,500, na kuendelea hadi 4,500. Kwenye rpm 4,000 kila silinda inawaka mara 33 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 10 zinakupa mizunguko 300 na zaidi, idadi ya kutosha kuona si wastani tu bali pia jinsi namba zinavyoruka. Juu ya 4,500 usishikilie. Fanya mivuto mifupi gia ya 4, ukiacha gari lipoe katikati, kwa sababu taimingi iliyorudishwa nyuma inasukuma joto zaidi kwenye tabo.

Tuseme umepata hivi kwa namba 3: asilimia 8 kwenye rpm 2,000, 22 kwenye 4,000, 45 kwenye 6,000, 58 kwenye 7,000. Kizingiti cha kuanzia ni mara 2 ya kelele huko chini, kikipungua taratibu hadi mara 1.35 huko juu, yaani 16, 38, 65 na 78. Kinapungua kwa sababu mbili: juu hakuna nafasi, na pia huko juu nok ndogo ina madhara makubwa. Sasa rudi kwenye grafu yako: mstari wa asilimia 50 ulikuwa unapiga kelele bure kwenye rpm za juu, na, jambo baya zaidi, ulikuwa kiziwi kabisa kwenye 3,000, ambako nok halisi ingefika labda asilimia 30 bila taa kuwaka. Taa inayowaka kila siku ilikuwa inakuudhi. Hatari ilikuwa kule ambako haikuwaka.

Kizingiti hakijathibitishwa mpaka umekionyesha nok ya kweli. Hili linafanywa kwa makusudi na kwa adabu: rpm 2,500 hadi 3,500, busti ya springi, mchanganyiko mnene kidogo (petroli zaidi), mtu mmoja masikio kwenye hedifoni. Ongeza taimingi digrii 1, vuta sekunde 2 au 3, acha. Ongeza tena. Ukisikia tak ya kwanza, simama hapo. Linganisha na logi: je, ECU imeiona? Kwenye silinda gani? Ilizidi kelele kwa kiasi gani? Punje mbili tatu nyepesi katika rpm hizo hazivunji pistoni nzima. Usifanye jaribio hili juu ya rpm 5,000 wala kwenye busti kamili; kule, ukuta mwembamba kati ya ringi za pistoni unaweza kupasuka kabla hujatoa mguu.

Kwa rpm za juu, tumia jaribio la kinyume. Pale taa yako inapowaka, rudisha taimingi digrii 4 kutoka 4,500 kwenda juu, rudia mvuto uleule, gia ileile, joto la hewa inayoingia likiwa lilelile. Ishara ikishuka, ilikuwa nok. Isiposhuka hata kidogo na silinda zote zinafanana, ni vyuma au umeme: tafuta ngao ya joto iliyolegea, bomba la ekzosi linalogusa bodi, tenshona ya mkanda wa taimingi. Kuna hali moja inayodanganya jaribio hili. Kama kitu ndani ya chumba kimekuwa chekundu, tuseme ncha ya plagi yenye joto lisilofaa, mchanganyiko unawaka kabla ya cheche yenyewe, na kurudisha taimingi hakusaidii. Ishara ikikua mvuto baada ya mvuto kwenye silinda moja peke yake, zima, toa plagi. Ukiona chembe nyeusi kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe, au vishanga vya aluminiamu vinavyong'aa, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Baada ya hapo tu ndipo uiruhusu ECU irudishe taimingi. Mpangilio wa kuanzia: iwe hai kuanzia rpm 1,500, mgandamizo wa manifoldi ukizidi kPa 80, maji juu ya nyuzi 70. Kila tukio, toa digrii 2 kwa silinda husika; kikomo digrii 8; irudi polepole, nusu digrii hadi 1 kwa sekunde. Izimwe wakati wa kubadili gia, kwenye ukomo wa rpm, na kwa kitambo kifupi tu baada ya kukanyaga ghafla, maana hapo injini nzima inaruka kwenye mauntini. Ikifika digrii 6 za kurudisha, busti ishuke yenyewe. Kinga hii ni ya petroli mbaya na siku ya joto. Kama logi zako zinaonyesha inatoa digrii 3 kila unapovuta, ramani (jedwali la taimingi la ECU) ndiyo mbaya, irekebishe ramani.

Kuhusu Nairobi na Mombasa, una tatizo ambalo huenda hulijui. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina mgandamizo wa takriban kPa 82. Mombasa ni 101. Busti yako ya bar 1.2 kwenye geji ni jumla ya kPa 202 Nairobi, na 221 ukifika Mombasa, kama westigeti inadhibitiwa kwa springi au kwa geji. Hizo kPa 19 za ziada zinakupeleka kwenye safu za ramani ambazo pengine hakuna aliyewahi kuzigusa, kwenye joto la nyuzi 32, intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) ikiwa imejaa joto. Unyevu wa pwani unasaidia kidogo, lakini haulipi deni hilo. Dhibiti busti kwa kPa kamili (jumla, pamoja na hewa ya nje), ikomee 200 popote pale, au fungua ramani hadi kPa 230 na uzijaze safu za juu kwa taimingi pungufu. Jedwali la kizingiti nalo lifike hukohuko.

Na petroli: STI za Japani ziliandikiwa ramani ya petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo kiwango cha Japani, JIS, kinataka isipungue okteni RON 96. Tyuni yako ipimwe kwa petroli unayojaza kila wiki, kutoka pampu unayojaza kila wiki.

Wenye ECU ya kiwandani wasihangaike na mengi ya haya, Subaru wameshayafanya. Rekodi kwa programu ya RomRaider uangalie marekebisho ya nok na kile kizidishi cha taimingi, ambacho kwenye ECU za zamani kinahesabiwa hadi 16 na za baadaye hadi 1. Kikishuka na kubaki chini, injini inalalamika.

Msingi wa kelele hupimwa upya kila ukibadilisha kemshafti, injekta, mauntini za injini au flaiwili. Hata bomba jipya la ekzosi linaweza kuuhamisha.

Jambo la mwisho la kupanga ni sensa iliyokufa, kwa sababu sensa iliyokufa inasoma sawa na injini tulivu kuliko zote duniani. Weka sakafu: juu ya rpm 4,000, kama ishara iko chini ya nusu ya kelele ya msingi kwa sekunde 1, ECU ichukulie sensa haipo, itoe digrii 4 na kurudisha busti kwenye springi. Kisha chomoa soketi ya sensa, endesha taratibu hadi rpm 4,500 bila busti, uone kama onyo linakuja.